Kubadili hita ya maji nyumbani: mwongozo kamili, kutoka kupima hadi kuoga

Maswali yanayokuja ni yale yale. Hita mpya imefungwa Jumamosi, Jumapili haichemshi. Shawa ya umeme inawaka ikijisikia. Maji ya moto yanatoka dakika mbili, halafu baridi ya kukufanya uruke. Soketi imeyeyuka. Na kila mara lawama zinamwendea mwenye duka, kwamba kauza feki. Feki zipo, sikatai. Lakini nyingi zinazoitwa feki zilikuwa nzima zilipotoka kwenye boksi. Kilichoziua ni maji, waya au ukuta ambao hakuna aliyeupima kabla ya pesa kutoka mfukoni.

Kwa hiyo hapa tunaanza na kupima, kununua kunafuata. Nimeandika kwa nyumba ya kawaida ya Tanzania: tangi la plastiki juu ya mnara, umeme wa luku wa volti 230, bafu moja au mawili. Kwa Kenya mambo ni karibu hayo hayo; palipoandikwa luku soma tokeni.

## Vifaa

Vya kupimia: ndoo ya lita 10, saa ya simu, futi kamba, kalamu na karatasi, testa ya umeme.

Vya kazi yenyewe:

- spana mbili za kurekebisha (moja inashika, nyingine inazungusha)
- drili yenye biti ya zege, nyundo, pima maji (kifaa cha kuonyesha mstari ulionyooka)
- bolti nene zinazotanuka ndani ya tundu, au bolti ndefu na bamba la chuma kama ukuta ni wa tofali zenye matundu
- thredi tepu, nunua mbili
- mipira miwili ya kuunganishia yenye wavu wa chuma, inayoandikwa kwamba inahimili maji ya moto
- geti valvu moja kwa bomba la maji baridi
- valvu ya usalama, ambayo kwa kawaida huja ndani ya boksi la hita. Fungua boksi dukani uione
- swichi ya hita ya ampia 20 yenye taa nyekundu, pamoja na breka yake
- ndoo, matambara, na kiatu chenye soli ya mpira

Kazi ya bomba unaweza kuifanya mwenyewe ikiwa mkono wako umezoea spana. Kugusa meni swichi ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni. Leseni hizo hutolewa na mamlaka za kusimamia nishati: Tanzania ni EWURA, Kenya ni EPRA. Mwombe akuonyeshe. Fundi wa kweli hakasiriki.

## Hatua ya 1: Pima maji

Toa kichwa cha shawa, weka ndoo ya lita 10 chini, fungua maji yote na uhesabu muda. Fanya asubuhi, wakati jikoni nako kuna anayefungua bomba, ndipo utapata hali halisi.

Ndoo ikijaa ndani ya dakika moja na nusu, uko vizuri kwa hita ya aina yoyote. Ikichukua dakika tatu au zaidi, shawa ya umeme itakusumbua. Ndani yake kuna kiwambo cha mpira kinachosukumwa na maji ndipo umeme uunge. Maji yakiwa legelege kiwambo hakisogei, na shawa haiwaki. Tafuta sababu kwanza: bomba jembamba, koki iliyofunguka nusu, au tangi lililokaa chini mno. Kila mita moja ya kimo inakupa presha ya bar 0.1 tu, kwa hiyo kitako cha tangi kikiwa mita moja juu ya shawa usitegemee miujiza.

Hapo hapo chunguza jambo ambalo watu wengi hawalijui: maji baridi ya bafuni yanatoka wapi? Kuna nyumba ambazo upande wa baridi umeungwa moja kwa moja na bomba la mamlaka ya maji, lenye presha kubwa, na upande wa moto unategemea tangi. Ukichanganya, baridi inaushinda moto nguvu, na maji ya moto yanakataa kutoka kabisa. Utabadili hita tatu bila kupona. Dawa ni kuziunga pande zote mbili kwenye tangi moja.

Mwisho, onja maji. Kama ni ya chumvi, kama ya visima vingi vya pwani, andika kwa herufi kubwa. Tutalirudia.

## Hatua ya 2: Pima umeme

Hesabu ni moja: wati gawanya kwa volti unapata ampia. Hita ya tangi ya wati 1,500 inavuta ampia 6.5. Ya wati 3,000 inavuta 13. Shawa ya umeme ya wati 5,500 inavuta 24.

Kwa hita ya tangi isiyozidi wati 3,000, waya wa 2.5 (unene wake kwa milimita za mraba) wenye breka yake peke yake ya ampia 16 au 20 unatosha. Shawa ya wati 5,500 inataka waya wa 6, breka ya 32 na swichi ya ampia 45. Kuifunga kwenye waya wa 2.5 uliokuwa wa soketi ni kuotesha moto ndani ya ukuta. Utajua umechelewa pale plasta inapoanza kubadilika rangi.

Na usichomeke hita ya wati 3,000 kwenye soketi ya kawaida ya ampia 13 eti kwa sababu hesabu inalingana. Soketi haikutengenezwa kubeba mzigo wake wa mwisho kwa muda wa saa mbili kila siku. Ndizo zile zinazoyeyuka.

Muulize fundi mambo mawili: je, ethi ya nyumba (waya unaopeleka umeme uliovuja ardhini) inafanya kazi, na je, kuna breka inayokata umeme ukivuja, ile yenye kitufe cha T, ya miliampia 30? Moja ikikosekana, pesa ya hita isubiri. Bafuni umelowa, uko peku na umesimama kwenye maji.

## Hatua ya 3: Gonga ukuta

Hita ya lita 80 ikijaa ni kilo 80 za maji, ongeza uzito wa bodi lake, unavuka kilo 100. Gonga ukuta kwa nyundo ndogo. Sauti nzito, kavu: tofali limejaa, bolti za kutanuka zitashika. Sauti ya ngoma: kuna matundu, na bolti ya kutanuka humo haina cha kushika. Pitisha bolti ndefu hadi upande wa pili na uifungie bamba la chuma. Ukuta wa gipsamu, sahau.

## Hatua ya 4: Chagua, sasa ndiyo uende dukani

Shawa ya umeme. Ni rahisi kununua, haina tangi, unalipia maji unayoyatumia tu. Mtu mmoja akioga dakika nane anakula kama uniti 0.7. Tatizo lake ni baridi ya mahali. Kwa mwendo wa lita 4 kwa dakika, wati 5,500 zinapandisha joto la maji kwa nyuzi 20 hivi. Dar es Salaam, maji yakiwa nyuzi 27 bombani, unapata 47, yaani utaipunguza. Njombe au Mbeya mwezi wa saba, maji yakiwa nyuzi 14, unapata 34. Hiyo ni vuguvugu ya kutetemekea. Utapunguza mwendo wa maji ili yapate moto, na utaoga kwa uzi wa maji.

Umeme mdogo nao unaikata nguvu kuliko watu wanavyodhani. Shawa iliyotengenezewa volti 220 ikipata 180 saa moja jioni, nguvu yake inashuka hadi kama theluthi mbili. Kama taa zenu hufifia jioni, aina hii si yenu.

Kwa maji ya chumvi, nyingi ya shawa hizi zina koili iliyo wazi ndani ya maji, na chumvi inapitisha umeme. Nunua ile iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi, ambayo elementi yake, yaani sehemu inayopasha maji, imevikwa. Breka ya kuvuja ikiruka kila ukioga, usiitoe breka, badili shawa.

Hita ya tangi. Kwa nyanda za baridi, Arusha, Moshi juu, Lushoto, Iringa, hii ndiyo ninayoipendekeza kwa familia nyingi. Haijali sana presha ndogo wala umeme unaoyumba. Itachelewa tu kuchemka.

Ukubwa uupate hivi. Mtu anayeoga kwa shawa hutumia kama lita 40 za maji ya nyuzi 39. Ukichanganya maji ya hita ya nyuzi 60 na ya bomba ya nyuzi 18, nusu kwa nusu, unafika hapo. Kwa hiyo mtu mmoja anakula lita 20 za moto. Sasa, tangi halikupi lita zake zote, maana baridi inaingia chini huku moto ukitoka juu. Hesabu robo tatu. Lita 50 zinatosha watu wawili wakifuatana, lita 80 watatu, lita 100 karibu wanne. Wanaooga kwa ndoo wanatumia nusu ya hapo, kwa hiyo nyumba ya ndoo yenye watu wanne inaishi vizuri na lita 50. Muuzaji atakusukumia ya 100. Muulize nani atailipia luku.

Na luku yenyewe: kuchemsha lita 50 kutoka nyuzi 20 hadi 60 ni uniti 2.3, na kwa elementi ya wati 1,500 inachukua saa moja na nusu. Ukichemsha mara moja kila siku, mwezi unaisha na uniti 70. Aliye kwenye tarifa ya matumizi madogo ya TANESCO, yenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, ajue hita peke yake imemaliza nafasi, kabla ya friji na taa.

Sola ya maji moto. Kwa mwenye nyumba yake na mtaji, huwezi kuishinda kwa gharama za mwezi. Masharti: tangi la maji baridi liwe juu zaidi ya tangi la sola, paa libebe kilo 300 na zaidi, na paneli ielekee kaskazini kwa sisi tulio kusini ya ikweta, ikiwa na mwinamo wa kutosha ili maji ya moto yapande yenyewe. Onyo moja: mirija ya kioo ikishapigwa na jua ikiwa mitupu, usiingize maji baridi. Inapasuka. Jaza alfajiri au jioni. Mpangaji, achana nayo.

Gesi. Inapasha papo hapo na haina habari na mgawo wa umeme. Lakini isifungwe ndani ya bafu. Kamwe, hata kama lina dirisha. Moto wa gesi kwenye chumba kidogo unakula hewa na kutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyonusa, na anayeoga haoni dalili mpaka miguu imeisha nguvu. Ifungwe nje, ukutani, chini ya kipande cha paa.

Kuanzia hapa nafuata hita ya tangi, kwa kuwa ndiyo inayowashinda wengi. Nunua penye risiti ya EFD na uandikiwe garantii juu yake.

## Hatua ya 5: Toa ya zamani

Zima breka, si swichi ya ukutani peke yake. Fungua kifuniko cha hita na upime kwa testa kwenye vituo vya waya. Ikiwaka, hujazima breka yenyewe, rudi.

Fungua bomba la maji moto mpaka yatoke baridi. Kisha funga koki ya maji baridi inayoingia kwenye hita. Kama haipo, funga ya kwenye tangi la juu, na hii ndiyo nafasi yako ya kuweka geti valvu.

Sasa kumwaga maji, ambapo wengi hukwama. Ndani ya hita, bomba la moto limesimama hadi karibu na dari ya tangi, na la baridi linaishia chini. Maji hutokea kwenye tundu la baridi, na hayatoki mpaka hewa iingie kwenye tundu la moto. Kwa hiyo legeza upande mwekundu kwanza, toa mpira wake, ndipo ufungue upande wa buluu huku ndoo ikiwa tayari. Usikie pumzi ya hewa ikivutwa juu. Usipoisikia, maji yamenasa.

Ishushe mkiwa wawili. Hita iliyokaa miaka kwenye maji magumu ina tope la chokaa tumboni na ni nzito kuliko unavyotegemea.

## Hatua ya 6: Ning'iniza mpya

Matundu ya zamani usiyaamini. Mara nyingi yamepanuka, na umbali wa vishikio si ule ule. Pima upya, chora kwa pima maji, toboa. Acha nafasi ya mkono chini ya hita, maana siku ya kubadili elementi utahitaji kuivuta chini. Ikishakaa, ining'inie kwa mikono miwili uisukume chini kwa uzito wako. Isipocheza hata kidogo, endelea.

## Hatua ya 7: Mabomba na valvu ya usalama

Buluu ni baridi inayoingia, nyekundu ni moto unaotoka. Ukizigeuza, hita itachemsha vizuri kabisa na bado utapata ndoo moja ya moto na basi, kwa kuwa unavuta maji ya chini badala ya ya juu. Hili ndilo jibu la barua nyingi za "dakika mbili halafu baridi".

Zungusha thredi tepu kufuata upande nati inakokazwa, raundi kumi na kitu, ikiwa imevutwa. Mpira wa kuunganishia kaza kwa mkono mpaka mwisho, kisha robo mzunguko kwa spana. Kukaza kwa hasira kunakata raba ya ndani.

Kama unapitisha bomba jipya la moto, liwe la plastiki ya maji moto, PPR la PN20, lililochomelewa kwa mashine. PVC ya maji baridi inalainika karibu na nyuzi 60, inapinda, halafu inaachia ndani ya ukuta.

Valvu ya usalama inakaa upande wa buluu, mshale wake ukielekea kwenye hita. Inafanya kazi mbili: inazuia maji ya moto kurudi nyuma, na inatoa presha ikizidi. Maji yakipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 60 yanaongezeka. Kwa lita 50 ni kama robo tatu ya lita. Pa kwenda hayana, kwa hiyo valvu inadondosha matone wakati hita inachemka. Ni sawa. Ndivyo inavyotakiwa.

Kuna mafundi wanaoona matone wakaziba kitundu kwa kijiti, kwa gundi, hata kwa msumari. Hita iliyozibwa ikipata thamostati (kidhibiti cha joto) iliyokwama inakuwa bomu, na inapaa na ukuta. Funga mpira mwembamba kwenye kitundu, uelekeze kwenye mtaro wa bafu, mwisho wake ubaki wazi. Na usiweke koki yoyote kati ya valvu na hita.

## Hatua ya 8: Jaza maji. Umeme bado

Hapa ndipo hita mpya zinapofia. Elementi ikiwashwa ndani ya tangi tupu inaungua kwa muda mfupi sana, na garantii haihusiki.

Fungua bomba la moto la bafuni, liache wazi. Fungua geti valvu. Utasikia hewa, kukohoa, matone, tena hewa. Subiri. Maji yakishatoka mfululizo bila kukohoa kwa dakika nzima, tangi limejaa. Kwa presha ya mnara, lita 80 zinaweza kuchukua robo saa. Hakuna mtu wa kumkimbiza.

Funga bomba, futa kila kiungo kwa karatasi kavu ya chooni, kisha kaa dakika kumi upapase tena. Karatasi inaonyesha tone ambalo jicho halioni. Kiungo kikilowesha, fungua na ufunge tepu upya. Kuongeza kukaza tu ni kuahirisha.

## Hatua ya 9: Umeme

Waya wa moto, nyutro, na ethi, kila mmoja kwenye kituo chake. Rangi mpya ni kahawia, buluu, na kijani chenye mstari wa njano. Nyumba za zamani zina nyekundu na nyeusi, kwa hiyo testa iamue, usiamini rangi. Ethi ikazwe kuliko zote. Swichi ikae nje ya bafu, au mbali na mkono wa anayeoga.

Weka thamostati kwenye nyuzi 60. Chini sana, bakteria wanazaliana ndani ya tangi. Juu zaidi, unalipa luku ya bure na chokaa inaganda haraka. Kumbuka kwamba nyuzi 60 zinaunguza ngozi ya mtoto kwa sekunde chache: anayemwogesha afungue baridi kwanza.

Bonyeza kitufe cha T cha breka ya kuvuja. Lazima iruke. Irudishe, ndipo uwashe hita.

## Hatua ya 10: Mwako wa kwanza

Taa inawaka. Dakika ishirini baadaye bomba la buluu karibu na hita bado ni baridi, jekundu limeanza uvuguvugu, valvu inadondosha kidogo kidogo. Baada ya saa moja na nusu hadi mbili na nusu, kutegemea ukubwa, taa ya kupasha inazima yenyewe. Ukifungua moto, unatoka kwa nguvu ile ile na unadumu zaidi ya mtu mmoja. Umefanikiwa.

Haichemshi kabisa? Kabla ya kuibeba kurudi dukani, zima breka, fungua kifuniko, utafute kitufe kidogo cha usalama kwenye thamostati. Huruka hata kwa mtikisiko wa usafiri. Kibonyeze mpaka kilie, funga, washa.

Ukihisi shoti hata kidogo unapogusa bomba, zima breka na usiguse tena mpaka fundi aje. Kusema "ni ka-shoti kadogo" kumezika watu.

## Kuitunza

Izime usipoitumia, uwashe saa moja na nusu kabla ya kuoga. Ikikaa imewashwa siku nzima inapoteza hadi uniti moja kwa kupoa na kujipasha. Kila mwezi nyanyua mkono wa valvu ya usalama, maji yaruke, uachie. Ndani ya hita kuna kijiti cha magnesiamu kinacholiwa na kutu badala ya tangi. Kwa maji laini kikague kila baada ya miaka miwili, kwa maji ya chumvi kila mwaka, na kikibaki waya mtupu weka kipya. Siku hiyo hiyo kwangua chokaa kwenye elementi.

Ile hita ya zamani, wanunuzi wa vyuma chakavu watakutajia bei ya bati kwa kilo. Kwanza fungua chini uitoe elementi, kwa kuwa nyingi zimevikwa shaba, na valvu ni ya brasi. Hizo zipimwe peke yake.